Sentensi Iliyoshtakiwa Bila Kosa

Usahihishaji wa sentensi, yaani swali ambamo mtahiniwa huoneshwa sentensi ya Kiingereza iliyopigiwa mstari, kwa sehemu au yote, na kutakiwa achague umbo lililo bora kati ya matano, ulikuwa kwa miaka mingi sehemu ya GMAT, mtihani ulioanza mwaka 1954 na unaotumiwa na vyuo vya biashara kuwachuja waombaji wa shahada ya uzamili. Jibu la kwanza kati ya hayo matano lilirudia neno kwa neno kile kilichopigiwa mstari, kwa maana kwamba hakuna kosa, na hapo ndipo mtahiniwa alipoumia, kwa kuwa ni vigumu mtu kuamini kwamba ametozwa ada ya dola ili aambiwe kuwa mambo ni shwari. Sentensi iliyofikishwa mbele yake alikwisha kuiona kama mtuhumiwa aliyelala mahabusu: hata shahidi akikosekana, lazima liko kosa ililofanya.

Kwa mzungumzaji wa Kiswahili mashaka hayo yana chanzo cha ziada. Upatanisho wa kisarufi, yaani kule kiima kukivisha kitenzi sare ya ngeli yake, hutangazwa katika Kiswahili mwanzoni mwa neno na kwa sauti kubwa, hata anayesikia kuwa sanduku la maembe "limeibwa" anajua kwa hiyo li- peke yake kwamba limekwenda sanduku zima. Kiingereza kimeiachia herufi s sehemu kubwa ya kazi hiyo, tena mwishoni kabisa mwa neno, na herufi hiyohiyo ambayo kwenye nomino humaanisha vitu vingi, ikihamia kwenye kitenzi cha wakati uliopo humaanisha mtendaji mmoja. Watunzi, kwa kulijua hilo, walichomeka baina ya kiima na kitenzi msururu wa nomino za wingi, na mtahiniwa alipokifikia kitenzi alikuwa amekwisha kumsahau mwenye sentensi.

Mtego mtamu zaidi, bila shaka, ni kirai kinachoning'inia, yaani maneno ya utangulizi yanayokosa mtendaji wake na kumdandia yeyote aliye karibu. Katika "Akikimbilia daladala, mvua ilimlowesha Juma", Mswahili haoni tatizo, kwa sababu a- ya kitenzi cha kwanza inadai mtu, na mvua si mtu. Kiingereza, ambacho kitenzi chake cha namna hiyo hakina kiambishi cha nafsi, hushikilia kwamba nomino inayofuata mkato ndiyo iliyokimbia, kwa hiyo ni mvua iliyokuwa ikiwahi daladala, pengine ipate kiti cha dirishani. Kwa mpangilio wa tangu 2018, maswali 36 ya lugha yalipewa dakika 65, na kwa kuwa kompyuta haikuruhusu kurudi nyuma, aliyeishtukia mvua hiyo swali moja baadaye alirudi nayo nyumbani.

Toleo jipya la mtihani lilitoka Novemba 2023 bila maswali ya kusahihisha sentensi, na la zamani likaondolewa mwanzoni mwa 2024. Waliokuwa wamekesha na vitabu vyake wamebaki na ujuzi usio na mnunuzi: wakiletewa kadi ya harusi iliyoandikwa kwa Kiingereza, hutafuta kwanza kiima, ndipo waulize ukumbi.