Baba Alivyopinduliwa Njiani Kwenda Lushoto

Zamani safari ya familia ilikuwa na serikali moja, na serikali hiyo ilikuwa baba. Miaka ya 1980, tukipanda Usangi Desemba ndani ya Pijo 504, ile ndefu, baba ndiye aliyekuwa ramani, ndiye saa, ndiye mtabiri wa mvua. Redio ilikuwa moja tu, Redio Tanzania Dar es Salaam, na kitufe chake aliyekigusa ni yeye. Kaseti ikimezwa, alichomoa kalamu ya biki mfukoni akaanza kuukunja utepe taratibu, usukani kaushika kwa goti, na mama akikodoa macho barabarani kwa niaba yetu sote. Haja ndogo ilikuwa halali akibanwa yeye. Alituahidi soda Chalinze, Chalinze ikapita. Akaahidi Segera. Tulizinywa Same, zimeshapata moto.

Hakuna aliyehoji. Nani angekuwa na ushahidi? Mwaka 1983, msako wa wahujumu uchumi ulipopamba moto, tulisafiri na miche ya sabuni chini ya miguu, na amri ikatoka mapema: kizuizini atasema baba, watoto mmelala. Tukalala fofofo, macho yakitucheza.

Mume wangu amerithi usukani, lakini mamlaka hakuachiwa. Desemba iliyopita tulikuwa tunakwenda kwao, Lushoto, na Noah yetu. Mbele kakaa mama mkwe na kikapu chake. Katikati mimi na mizigo. Nyuma watoto watatu, waya za chaji zimewazonga. Kijana wetu mkubwa ndiye mwenye simu ya ramani, kwa hiyo ndiye dereva hasa. "Baba, hamsini na nane. Hapa ni hamsini." Kimya. "Baba, sitini na moja. Kuna tochi mbele." Baba mtu akapunguza mwendo, na tochi kweli ilikuwapo, askari katulia chini ya mwembe. Hapo nilishukuru. Nilimwonea huruma pia, maana baba yangu mimi angekamatwa kwa heshima zake zote.

Mama mkwe yeye alikuwa na kesi na sauti ya ramani, ambayo watoto waliiweka kwa Kiswahili ili bibi afaidi. Alivumilia mpaka Bagamoyo. "Huyu binti kalelewa wapi? Anamwamuru mtu mzima tangu Bunju, hata shikamoo hajatoa."

Kabla ya kuondoka, mume wangu alikuwa ameliwekea kundi la ukoo la WhatsApp alama ya kutuonyesha tulipo, ili watufuatilie. Kundi lina watu wa Lushoto, Tanga, Dar na shangazi mmoja aliyeko Muscat. Huyo wa Muscat hana usingizi. Tuliposimama Msata kununua maji, chupa hazijafunguliwa, akauliza: "Mbona mmesimama?"

Tulipoiacha Korogwe, mstari wa barabara kwenye simu ukageuka mwekundu. Kumbe mbele kuna lori limelala. Binti wa ramani akasema: kata kulia. "Tunaokoa dakika ishirini na mbili, baba," mwanangu akatafsiri. Mama mkwe akasema kwa upole njia ya kwao inakatia Mombo, na kwamba hata Mjerumani alikatia Mombo. Mume wangu aliniangalia kwenye kioo. Nikatazama dirishani, kura ya mama na mwana mimi siipigi. Akakata kulia, tukaingia shamba la mkonge.

Wanasema Mjerumani Richard Hindorf alipoleta mkonge nchini mwaka 1893, miche iliyofika hai ilikuwa 62 tu. Kizazi chote cha miche hiyo naona tulikutana nacho siku ile. Mstari baada ya mstari, njia panda baada ya njia panda, zote sura moja, na mvua ilikuwa imenyesha asubuhi. Mtandao ulikatika kwanza, gari likafuata: tairi la nyuma lilizama mpaka ekseli. Binti akasema, "Endelea moja kwa moja." Hapo ndipo nilipouelewa utawala mpya. Baba yangu akipotea alitugombeza sisi, na kwa ugomvi ule tulijua tumepotea. Simu ikipotea haibadilishi hata sauti.

Tulisukuma, tukatandika majani, tukala mkate wote wa zawadi. Saa mbili nzima zikapita. Mwishowe akatokea bwana mmoja na trekta, kamba ya kuvutia imeshafungwa nyuma, kama aliyekuwa na miadi nasi. Elfu arobaini, hapunguzi. Taslimu hatukuwa nayo. Siku hizi nani anatembea nayo? Bwana hakushangaa. Akaelekeza kidevu kwenye kichuguu kirefu: "Mtandao uko pale juu."

Mume wangu akapanda, mkono mmoja ukishika simu hewani, mwingine ukishika suruali. Kabla hajatuma hela, ujumbe ukaanza kumiminika. Akausoma papo hapo, nami chini naangalia midomo yake.

Shangazi wa Muscat alikuwa ametangaza kwamba gari limesimama porini na simu zote hazipatikani. Binamu wa Tanga akajibu: tuwe na subira. Mtu mwingine akaielewa subira anavyoijua yeye, akaandika: "Poleni sana wafiwa." Kuanzia hapo hakuna aliyeuliza nani kafa. Akapatikana mwenyekiti, akapatikana mweka hazina na namba ya kutumia michango, na orodha ikafunguliwa. Shangazi, laki moja. Jirani wa zamani, elfu hamsini. Ndugu wa mume wangu wa tumbo moja, aliyeko palepale Lushoto: elfu kumi. Hiyo aliisoma mara mbili. Kisha akamlipa mwenye trekta, akashuka.

Tulipovutwa, mama mkwe alinyoosha kiganja nyuma bila kugeuka. Kijana akaiweka simu; bibi akaitia kikapuni, chini ya kanga. "Rudi lami." Lori lilikuwa limeshaondolewa zamani. Mombo tukakata kulia, tukapanda kona za Soni, Lushoto tukaingia wakati wa isha. Uani turubai lilikuwa limeshafungwa, viti vimepangwa, na sufuria ya maharage jikoni ni ya watu mia.

Michango haijarudishwa hadi leo. Mweka hazina anasema turubai na viti ni vya kukodi, na mwenye navyo harudishi hela eti kwa sababu marehemu kafika anaendesha gari. Elfu kumi ya shemeji ndiyo pekee isiyopotea: ilikuwa ahadi.