Nyasi za Baba Kulwa

Baba Kulwa alirudi kutoka semina Dar es Salaam na fimbo ya chuma iliyoviringishwa gazeti. Tulidhani ni kipuri cha trekta. Kumbe huko alipata wasaa wa kufika Lugalo, kwenye uwanja wa gofu wa jeshi, akasimama kutazama. Hakuvutiwa na yale mapigo ya mbali. Kilichomteka ni lile pigo la mwisho, kwenye nyasi fupi, mtu anapoinama, anapima kwa jicho, anaugusa mpira na kuungoja utumbukie. Pale nguvu hazitakiwi, alituambia tukiwa tunakula. Panatakiwa akili na mahali tambarare. Akili anayo.

Mahali penyewe pakapatikana nyuma ya nyumba, kati ya jiko la kuni na zizi la mbuzi. Nyasi za kweli hazikujadiliwa, kwa sababu mbuzi walikuwa wanasikiliza, na Agosti ya Magu haibakizi kitu kibichi. Ndipo akaukumbuka uwanja wa Nyamagana, pale Mwanza mjini, uliotandikwa nyasi bandia. "Kama timu mbili zinakimbia juu yake na njumu," aliniuliza, "mimi na fimbo yangu nitaziharibu vipi?" Dume moja likaenda mnadani. Roli la nyasi likaja juu ya keria ya basi, kilomita 60 hivi za barabara ya Musoma, na mtaa mzima ukatoka kulitazama likishushwa.

Nyasi za namna hii zilipata umaarufu mwaka 1966 huko Houston, Marekani, kwenye uwanja wa Astrodome, ambako nyasi za kweli zilikufa kwa kukosa jua chini ya paa. Sisi jua tunalo la kugawa. Tatizo letu lilikuwa chini.

Fundi tuliyemwita ni wa nyumba, si wa viwanja, na hakucheka hata kidogo. Aliokota bonge la udongo, akalivunja kwa vidole, akasema, "Baba Kulwa, hii ni mbuga." Kila anayelima bonde la mto Simiyu anaujua udongo huo mweusi: ukinywa maji unavimba, ukikauka unapasuka nyufa za kumeza mguu wa mbuzi. Alitaka kuchimba hadi kimo cha goti, autoe wote, ajaze moramu na kuishindilia, kisha amwage vumbi la kokoto na kulisawazisha kwa ubao na pima maji. Baba Kulwa akapiga hesabu ya malori ya moramu, goti likashuka likawa kifundo cha mguu. Kwa maoni yangu, hapo ndipo dume letu lilipokufa mara ya pili.

Ubishi mkubwa zaidi ulikuwa wa shimo. Wenye mchezo, wale wa St Andrews, waliamua mwaka 1891 kuwa shimo liwe na upana wa milimita 108, na Baba Kulwa hakutaka kupunguza hata moja. Fundi alikuwa na kipande cha bomba la inchi nne, lile la choo, ambalo nje lina milimita 110 lakini ndani ni pungufu. "Mpira utajibana kidogo, baba," alisema. Wakabishana mpaka uji ukapoa. Bomba likashinda.

Nyasi zikatandikwa, zikapigwa misumari pembeni, zikamwagiwa mchanga safi na kufagiliwa mpaka uzame, maana ni huo mchanga unaozifanya nyasi bandia zisimame. Ng'ombe wa jirani alipita, akazionja, akaenda zake.

Ndipo mama mkwe akafika kutoka Kahangara na magunia ya viazi vitamu.

Kwa yeyote aliyekulia Usukumani, uwanja tambarare na msafi haukai bure: ni wa kuanikia. Mama aliuona, akapiga vigelegele. "Kumbe mmeniandalia mahali pa michembe! Mungu awazidishie." Mwanawe alifumbua mdomo, akaufumba. Saa hiyohiyo viazi vikaanza kumenywa na kukatwa, nami nilishika kisu bila kuambiwa mara mbili. Plastiki ile mchana haikanyagiki peku, na michembe iliyozoea kukaukia kwenye mwamba ilikauka upesi kuliko tulivyotarajia. Mama alikuwa na lalamiko moja tu, kwamba kuna mchanga. Aliufagia wote, akautupa zizini. Nyasi zikalala chali.

Baada ya michembe wakaja dagaa. Sitaeleza harufu.

Novemba mvua zikaanza, na mbuga ikafanya alivyosema fundi. Uwanja ulifura katikati, ukabonyea upande wa zizi, na mpira uliopigwa kutoka pembe yoyote ukawa unaishia kwa mbuzi. Wengine wangeng'oa. Baba Kulwa akatuhadithia habari za Jinja, ng'ambo ya ziwa letu hilihili, ambako wacheza gofu walijiwekea kanuni: mpira ukinasa kwenye unyayo wa kiboko, unaruhusiwa kuuokota na kuusogeza bila adhabu. Akachukua daftari la Doto, pacha wa Kulwa, akaandika zetu. Mpira ukisimama kwenye shimo la kuku, usogezwe. Ukiingia zizini, urudiwe. Bata akiukalia, mchezaji asubiri mpaka anyanyuke mwenyewe.

Mama mkwe alidai asomewe. Alisikiliza hadi mwisho, akaagiza iongezwe moja: mpira ukigonga kitu kilichoanikwa, aliyepiga akishike yeye kisu na kumenya debe zima. Ikaandikwa. Tangu hapo Baba Kulwa ndiye anayemenya zaidi, maana Kulwa na Doto wanamshinda kwa kulenga.

Wiki iliyopita mama alipiga simu. Mpunga wa Kahangara unakaribia kuvunwa, na anauliza roli la nyasi linauzwaje, na kama lipo la upana mkubwa zaidi.