Hotuba juu ya Ilimu ya Kurejesha Madirisha katika Kompyuta Kongwe

Mabwana na mabibi, mashekhe na manahodha, na nyinyi vijana mlioketi ukingoni mwa baraza hii ya Palma mkijifanya hamsikilizi: ama baada ya kumshukuru Mola aliyetukutanisha baina ya magharibi na isha, nataraji mtaniwia radhi nikianza kwa kujisifu, kwa kuwa hapana mwingine hapa mwenye ilimu ya kutosha kunisifu ipasavyo. Mimi ndiye mtaalamu wa kompyuta wa pwani yote hii, tangu mlango wa Ruvuma hadi Mocímboa da Praia. Na cheo hicho sikujipa kwa pupa, bali baada ya kumtaka shauri mtu ninayemwamini kuliko wote, naye ni mimi.

Maudhui yetu ni laptopu ya mpwa wangu, yule pale nyuma aliyeipakata, iliyonunuliwa mwaka 2016 na kuingiliwa na virusi kwa sababu ya flashi za nyimbo za harusi zilizokuwa zikitoka nyumba hii kwenda ile. Vijana husema tiba yake ni "kupiga windo". Astaghfirullah! Kompyuta ni jahazi, nao mfumo uitwao Windows, jina ambalo sisi wanavyuoni hulifasiri Madirisha, ndio nahodha wake. Na nahodha akirukwa na akili hatuvunji jahazi, bali twamshusha pwani, twampandisha mwingine aliye timamu. Nahodha huyo husafiri ndani ya flashi isiyopungua gigabaiti 8, akitoka kwa Microsoft wenyewe, si kwa muuza kanda sokoni. Ila tahadharini: akishapanda, shehena ya mtanguliziye huitosa baharini bila kuuliza, kwa hiyo picha za harusi zihamishwe kwanza. (Za harusi yangu ya pili zilitoswa hivyo. Sikuhuzunika sana.)

Sasa tufike kwenye ijaza. Kama vile mwalimu hasomeshi kitabu ila aliyemsomesha amempa idhini, ndivyo nahodha huyu hatulii mpaka leseni yake ithibitishwe. Msidhani jambo hili ni geni kwetu. Hapo jirani, Kionga, Wajerumani walijitwalia mwaka 1894, Wareno wakaingia kwa silaha mwaka 1916, na hati yao haikutoka ila mwaka 1919 kule Versailles. Maana yake, kwa lugha ya fani yangu, Wareno waliitumia Kionga miaka mitatu bila kuthibitishwa, na ile ilani ya kuudhi ikiwaning'inia pembeni mwa kioo.

Leseni yenyewe ina ufunguo wa herufi na tarakimu 25, zilizopangwa tano tano. Na hapa, enyi hadhira tukufu, naomba mnyamaze, kwani nawafunulia siri: katika ufunguo huo hamna A, wala E, wala I, wala O, wala U. Hauna irabu hata moja! Wajinga watasema ni kwa ajili ya kuepusha O isishabihiane na sifuri, wala I na moja, na kweli sifuri na moja nazo hazimo. Mimi nasema ni adabu iliyoibwa kwetu. Mashekhe wa pwani hii waliwaandikia magavana wa Kireno katika karne ya kumi na tisa kwa Kiswahili cha hati za Kiarabu, na barua hizo zingali zimehifadhiwa Maputo. Na nani asiyejua kuwa hati hizo, zikiachwa bila irabu, humtaka msomaji awe na ilimu kabla hajafungua jicho?

Ufunguo huo, basi, nilijua umefichwa chini ya stika iliyobandikwa tumboni mwa laptopu. Nikaikwangua kwa kisu, taratibu, kama mtu anayekwangua vocha ya simu. Nilikwangua tangu adhuhuri hadi alasiri, stika ikaisha, rangi ikaisha, nikafikia plastiki tupu. Mpwa wangu akathubutu kusema ya kwamba kompyuta za miaka hii ufunguo wake hukaa ndani ya ubao wenyewe, na kwamba flashi huusoma peke yake. Nilimsamehe kwa kuwa ni mtoto.

Jambo la mwisho. Leseni ya mashine hii ni ya aina iitwayo Single Language, yaani imeruhusiwa lugha moja tu. Lugha moja! Katika mji ambao mtu huamka kwa Kimakwe, husalimiana kwa Kimwani, hupatana bei kwa Kiswahili, huswali kwa Kiarabu na kutozwa kodi kwa Kireno, nahodha huyu akipanda hawezi hata kuagiza chai! Nimekusudia kuwaandikia Microsoft waraka mrefu juu ya suala hili, ijapokuwa naarifiwa ya kuwa hata Windows 10 yenyewe waliacha kuihudumia tarehe 14 Oktoba 2025, kwa hiyo huenda barua yangu ikachelewa kidogo. Na kuhusu kundi la nne la zile herufi tano tano, ambalo sharti lisomwe kwa...

Unasemaje, mwanangu? Imekwisha? Tangu lini?

"Tangu Kionga, mjomba. Nilibonyeza F12, ikaanza. Haikuniuliza ufunguo. Nimeiunga na intaneti ya simu, imeandika kuwa leseni ni sahihi."

Mmeona, hadhira tukufu, namna mashine inavyotii ikihutubiwa kwa Kiswahili fasaha.