Barua ya Wazi kwa Uongozi wa Jengo, Kuhusu Kufuli la Mlango wa Dharura

Kwa Uongozi wa Jengo,

YAH: OMBI LA KUBORESHA UTARATIBU WA KUUNGUA

Mlango wa dharura hutambulika kwa kibao cha kijani chenye mchoro wa mtu anayekimbia na, chini ya kibao hicho, kwa mnyororo na kufuli. Kibao hupauka, mnyororo hushika kutu. Kufuli ndilo hutunzwa: hutiwa mafuta, na upande wa nje hufunikwa kwa kipande cha mpira wa baiskeli ili mvua isiliingie. Hakuna kifaa kingine cha usalama jengoni kinachopata huduma hiyo. Mitungi ya kuzimia moto haiipati.

Nyuma ya mlango kuna ngazi. Kwa mujibu wa ramani iliyobandikwa kando ya lifti, hiyo ni njia ya kutokea. Kwa mujibu wa yeyote aliyewahi kuchungulia, ni stoo: maboksi ya risiti za miaka iliyopita, viti vilivyokatika mguu, chupa tupu za maji, mafagio, na mti wa Krismasi wa plastiki. Ufunguo ni mmoja. Hukaa kwa afisa utawala, ambaye humwachia mlinzi wa mchana, ambaye huuweka kwenye droo ya mapokezi, ambayo nayo hufungwa, na mwenye ufunguo wa droo ametoka kidogo.

Uongozi hauwezi kushutumiwa kwa kutoijua sheria. Tanzania ina Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003. Kenya ina yake ya 2007, ambayo kifungu chake cha 81 humtaka mwenye eneo la kazi aandae utaratibu wa kuwatoa watu wakati wa dharura na kuujaribu mara kwa mara. Siku ya ukaguzi sheria hutekelezwa yote. Asubuhi mnyororo hufunguliwa, maboksi huhamishiwa chooni, mkaguzi hupita akitia tiki kwenye fomu, na saa kumi jioni maboksi hurudi kwao. Zoezi la uokoaji hutangazwa kwa waraka wiki nzima kabla na hufanyika Ijumaa baada ya chakula cha mchana. Wakuu wa idara husamehewa kwa kuwa wako kikaoni. Wengine hupigwa picha mahali pa kukusanyika, mara gari la mkurugenzi linapoondolewa hapo.

Sababu ya kufuli huelezwa kwa upole: wizi. Mlango ukiachwa, kompyuta na rimu za karatasi zitatembea. Kwa lugha isiyo ya waraka, mfanyakazi ni mwizi tangu anapoingia asubuhi, na ndiyo maana anafungiwa. Hoja hiyo si ngeni, na imeshajaribiwa. Machi 25, 1911, moto ulizuka katika kiwanda cha nguo cha Triangle, New York, kilichokuwa ghorofa za 8, 9 na 10. Katika ghorofa ya 9 mlango mmoja wa ngazi ulikuwa umefungwa, ili washonaji watokee upande mmoja tu, ambako mikoba yao ilipekuliwa. Wenye kiwanda, waliokuwa ghorofa ya 10, walipanda paani wakapona. Watu 146 walikufa, wengi wao wasichana wahamiaji. Wamiliki walishtakiwa, na Desemba mwaka huohuo wakaachiwa huru. Mwaka 1913 mmoja wao alikamatwa tena kwa kufunga mlango saa za kazi, akatozwa faini ya dola 20. Kesi za madai zilimalizwa 1914 kwa dola 75 kwa kila marehemu. Takwimu hizi zinaweza kuufaa uongozi wakati wa kupanga bajeti.

Septemba 11, 2012, kiwanda cha nguo cha Ali Enterprises mjini Karachi kiliteketea na zaidi ya watu 250. Madirisha yalikuwa na nondo, milango imefungwa, na cheti cha kimataifa cha viwango vya kazi kilikuwa kimetolewa wiki chache tu kabla. Baadaye mahakama iliamua kwamba moto uliwashwa makusudi. Kufuli nalo halikujifunga. Watu walikufa wakiusukuma mlango ambao mtu mzima, mwenye akili timamu na mshahara, aliona vema kuufunga. Na wenye kufunga milango wamezisikia habari hizi zote, na kesho asubuhi watafunga tena.

Uongozi unaombwa radhi kwa aya iliyotangulia.

Kwa kuwa lengo ni kulinda mali, inaombwa lianzishwe Dawati la Ukaguzi wa Mikoba Wakati wa Moto. Likae ghorofa ya chini, ambako moshi huchelewa kufika, kwa ajili ya afya ya wakaguzi. King'ora kikilia, watumishi wapange foleni mbili, wanawake kushoto na wanaume kulia, wajawazito wakipewa heshima ya kupekuliwa kwanza. Kila mmoja aje na hati ya kutolea mali iliyogongwa mhuri na mkuu wa idara. Mkuu akiwa ameshakimbia, asaini anayekaimu, na barua ya kukaimu iambatishwe. Mlinzi apewe tochi kubwa, kwani moshi huweza kumficha mwenye stepla. Daftari liwe na safu za jina, kitengo, saa ya kutoka, vitu alivyobeba na sahihi, na anayetoka akiwaka athibitishe kwamba nguo inayoungua ni yake. Atakayeruka dirishani kwa kukwepa foleni achukuliwe hatua za nidhamu, na nakala ya barua ya onyo wapewe ndugu zake. Chai ya wakaguzi ilipwe kutoka fungu la dharura.

Maombi mengine ni madogo. Mitungi ambayo mshale wake umelala kwenye nyekundu, nyekundu hiyo ipakwe kijani. Mti wa Krismasi uorodheshwe kama kuni.

Ipo pia njia isiyo na foleni: fimbo ya mlalo upande wa ndani wa mlango. Ukiisukuma mlango unafunguka. Kwa nje haufunguki, na fimbo inaweza kuunganishwa na king'ora, ili mwizi naye asikike. Si uvumbuzi wa jana. Hataza ilitolewa Uingereza mwaka 1892, baada ya watoto 183 kufa mwaka 1883 katika ukumbi wa Victoria mjini Sunderland, kwenye mlango uliokomewa ukaacha upenyo wa mtoto mmoja tu. Ikionekana fimbo ni ghali, vikao vya uongozi vihamishiwe chumba kilicho karibu na mlango huo, na ufunguo ubaki palepale ulipo.

Inawasilishwa.

Nakala: Mkaguzi, ambaye tarehe yake ya kuja uongozi unaijua.