Nikiinama Mzima, Nikinyooka Mgonjwa

Ukivunjika mguu unafungwa plasta, wajukuu wanachora juu yake, na nyumbani hakuna anayekutuma dukani. Mimi, katika mwaka wangu wa 71, nimeangukiwa na ugonjwa wa kunifanya nionekane mwongo mtaa mzima.

Kanisani, wimbo wa kwanza haujafika kiitikio, tako la kulia linaanza kuwaka. Moto unashuka pajani, unaingia shavu la mguu, kisha unyayo unakufa ganzi. Nakaa. Dakika mbili tatu, hakuna kitu, kana kwamba nilikuwa naota. Keshoye jirani yuleyule aliyekuwa benchi la nyuma ananikuta nasukuma wilbaro ya mbolea kupandisha kilima, mwendo wa kijana wa mjengo. Akinong'ona nimlaumu?

Nakaa London. Si ya mfalme wa Uingereza. Ni yetu ya hapa Nakuru, ubavuni mwa Menengai. Ukingo wa Menengai uko mita 2,278 juu ya usawa wa bahari, ziwa liko huko chini kwenye mita kama 1,750, na sisi tumetapakaa katikati kama maharagwe yaliyomwagika. Kila uendako ni kupanda au kushuka. Wazee wenzangu wenye magoti mabovu hulalamikia kupanda, nao huonewa huruma. Mimi naumia nikishuka. Nikirudi kutoka mjini napanda kama mbuzi. Sasa kalalamike kwa nani?

Washauri wa bure hawakukosa. Mmoja alisema ni baridi iliyoniingia nilipokuwa nafundisha Molo. Mwingine akaniandikia supu ya miguu ya ng'ombe, mguu kwa mguu. Wa tatu alikuja na fungu la thabai ili anichape nayo paja: yeye amevaa glavu, mimi nivue suruali. Nikamwambia maumivu niliyo nayo yanatosha, sina haja ya kuazima mengine.

Mama watoto akachoka, akanipeleka kwa fizio. Kliniki yenyewe siitaji, kwa sababu chumba cha wagonjwa wa migongo wamekiweka ghorofa ya pili, na benchi la kungojea halina pa kuegemea. Ngazi nilizipanda bila neno. Mama watoto alinitazama vibaya sana.

Fizio ni binti wa rika la mjukuu wangu mkubwa. Hakuuliza hata mguu gani.

"Guka, ukiegemea toroli ya supamaketi, unaumwa?"

Nikashtuka. Nani alimwambia? Supamaketi ndiko naweza kutembea nusu saa nzima sijanunua hata kiberiti, nimelalia toroli, mlinzi ananifuata nyuma.

Akainua uti wa mgongo wa plastiki kutoka mezani. Katikati yake kuna mfereji wa kupitishia neva ziendazo miguuni. Umri ukisonga, zile diski hukauka na kunywea, kano zinanenepa, mfereji unabanwa. Ukisimama wima unabanwa zaidi. Ukiinama au ukikaa unapanuka, neva zinapumua. Kushuka kilima mwili hurudi nyuma, kupanda huinama mbele. Kwa hiyo si uongo! Nilimwomba ayarudie hayo polepole, mama watoto akisikia.

Akanibonyeza juu ya unyayo kutafuta mapigo. Kuna mguu unaouma kwa sababu damu haifiki, na huo, alisema, hutulia ukisimama tu. Huna haja ya kukaa wala kuinama. Kisha akaniuliza kama sehemu za siri zimekufa ganzi, au kama mkojo unanitoka bila habari. Mbele ya mama watoto! Nikanuna. Akasema hayo yakitokea nisingoje kliniki ya Jumatatu, nikimbizwe hospitali siku hiyo hiyo. Nikaacha kununa.

Nilidai picha ya ile mashine kubwa. Akasema mfereji uliobanwa huonekana hata kwa wazee wasioumwa popote, na kwa sasa atanitibu mimi kwanza. Nilikuwa nimeshawaahidi wazee wa mtaa picha.

Basi nikalazwa chali kwenye mkeka, soksi ina tundu, nikaambiwa nivute magoti yote mawili kifuani niyakumbatie. Halafu kiti: simama, kaa, simama, kaa, mara kumi, bila kushika. Miaka 34 nilifanyisha watoto wa watu zoezi hilo kila mkaguzi alipoingia darasani. Sasa limenirudia, na anayehesabu anatafuna chingamu.

La tatu ni kutembea. Nitembee, nikisikia moto unakaribia nikae, ukitulia niendelee, na kila wiki niongeze kidogo. Nikae wapi? Njia nzima ya kushuka mjini hakuna benchi, kuna ngazi za maduka tu. Wiki jana nilikaa kwenye moja, nimeinama, kofia mkononi kwa ajili ya jua. Msamaria akapita akaitumbukizia shilingi 20. Nilipoinua kichwa nimrudishie, alikuwa ameshavuka barabara. Kumfukuza ni kushuka.

Hii wiki ya sita na kanisani nafika wimbo wa pili. Lakini mama watoto naye alisikiliza yale maelezo vizuri kuliko nilivyotaka. Jana kulikuwa na debe la viazi stejini. "Si ukisukuma huumwi?" akasema. "Tena unapanda." Nikashuka na wilbaro tupu, nimeilalia kama toroli, nikapakia, nikaanza kilima. Katikati nikakutana na jirani yule wa benchi la nyuma.

"Kumbe mguu umepona, mwalimu!"

Nikaweka wilbaro chini, nikanyooka wima ili nimweleze habari za mfereji.