Katriji Iliyokula Hesabu

Jumapili ile nilirudi kutoka soko la mitumba hapa Hamburg nimeikumbatia Commodore 64 kama mtu aliyekabidhiwa kichanga. Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni.

"Kiasi gani?"

"Euro 20," nikajibu kabla swali halijapoa.

Zuhura, binti yetu wa miaka tisa, alinitupia jicho. Alikuwa akiramba aiskrimu ya pili, na aiskrimu hiyo haikununuliwa bure.

Mama mkwe, aliyetoka Tanga kuja kututembelea, alishusha miwani. "Baba Zuhura, hicho kinanda?"

"Kompyuta, mama. Ilitoka mwaka 1982."

"Kumbe rika la mkeo. Tutaona nani anaamka mapema."

Kwa nyuma, kwenye tundu la katriji, kulikuwa na kitu kimechomekwa. Cha dukani hakikuwa: hakina jina, hakina picha ya mchezo, ni kisanduku cha plastiki kilichokatwa kwa msumeno na kugandishwa kwa gundi. Ndani mlikuwa na chipu moja ya miguu 28, na mgongoni mwake kikaratasi kilichoandikwa kwa mkono, kwa Kijerumani: usibandue.

Nikabandua.

Chini yake kulikuwa na kidirisha cha kioo na namba 2764. Chipu za aina hiyo hufutwa kwa mwanga wa urujuanimno, ndiyo sababu kidirisha hufunikwa. Hilo nalijua, ila nililikumbuka baada ya chakula, wakati mke wangu, akitafuta nafasi ya sahani, alikuwa ameshakiweka kile kitu dirishani kiote jua. Nilikirukia kama maziwa yanayofurika jikoni. Ahueni yangu ni kwamba jua huhitaji kama wiki nzima kuifuta chipu hiyo, na sisi tulikuwa tumemaliza pilau tu. Kikaratasi nikakirudisha, nikakikandamiza kwa dole gumba.

Nikachomeka katriji, nikawasha. Nilitarajia mchezo. Ikaja skrini ya buluu, neno READY na kimraba kinachopepesa. Nikazima, nikaichomoa, nikawasha tena: skrini ile ile. Nilirudia mara nne.

"Imekufa," nikatangaza.

Mama mkwe alikuwa pembeni anamenya vitunguu saumu. Miaka 30 aliendesha duka, na hakuna mteja aliyewahi kumpunja hata senti.

"Haijafa," akasema bila kuinua kisu. "Inakula."

"Inakula nini, mama?"

"Hesabu. Ukiitoa, hapo juu panaandikwa 38911. Ukiichomeka, 30719. Kwani husomi?"

Nikatoa moja kwa nyingine, nikapata 8192. Ni kilobaiti nane kamili, ujazo ule ule wa chipu ya 2764. Mashine hii ikiwaka hupima kumbukumbu yake baiti baada ya baiti. Ilipofika anwani 32768 ilikuta chipu isiyokubali kuandikwa, ikaishia hapo. Kumbe mgonjwa alikuwa mzima. Katriji nyingi za dukani huwekewa alama CBM80 karibu na mwanzo ili ziamke zenyewe. Fundi wetu hakuiweka. Yake ilisubiri iitwe.

Nikaandika programu fupi ya kusoma baiti zote na kuzitoa kama herufi. Skrini ikapandwa na kichaa: maandishi yakawa mekundu, yakawa ya kijani, kisha yote yakafutika. Zuhura akapiga makofi, akidhani ndio mchezo wenyewe. Baiti nyingine si herufi bali ni amri, nami nilikuwa nimezitii zote. Nikazichuja, nikabakiza zile za kati ya 32 na 95. Katikati ya takataka yakaanza kuibuka maneno: MIETE, STROM, BROT, KINDER, SUMME DM.

Mke wangu akatafsiri polepole. "Kodi ya nyumba. Umeme. Mkate. Watoto. Jumla, marki."

"Daftari la matumizi," akasema mama mkwe, kama mtu aliyejua tangu asubuhi.

Baiti ya kwanza kabisa ilikuwa 76, amri ya kuruka kwenda mahali pengine, kwa hiyo mlango ulikuwa hapo hapo. Nikaandika SYS 32768. Daftari likafunguka, likiwa bado linahesabu kwa marki, fedha iliyoacha kutumika mwaka 2002. Kuna mtu aliyekesha akilehemu ili nyumba yake ijue mkate umekula kiasi gani.

"Haya, tulizindue," mama mkwe akasema akivuta kiti. Akachapa kwa kidole kimoja kinachonukia kitunguu: KOMPYUTA. Mashine ikauliza: BETRAG?

"Inataka bei, Baba Zuhura."

"Ishirini, mama."

"Sitini," Zuhura akasema.

Chumba kikanyamaza. Mama mkwe akachapa 60, akabonyeza RETURN, akanitazama juu ya miwani.

"Na hizo aiskrimu?"