Nawabu wa Murud

Shikamoo Bibi, shikamoo Mjomba, na salamu kwa wote mlioko Kibokoni,

Habari njema ni kwamba nimepata kasri huku. Halina paa, na ghorofa ya juu wanakaa popo, lakini kasri ni kasri.

Liko Murud, kusini ya Mumbai, ndani ya ngome iitwayo Janjira. Ngome yenyewe imejaza kisiwa kizima, kuta zinachomoka moja kwa moja baharini. Kutoka hapa Pune ni basi la kuvuka milima, na dereva wetu alipiga honi kabla ya kona, ndani ya kona na baada ya kona. Ukifika kijiji cha Rajapuri unapanda mashua ya tanga, mmejazana kama mnaokwenda Maulidi ya Lamu.

Basi mwongozaji aliponitia machoni tu, mambo yakabadilika. Mjue kwamba watawala wa Janjira, yaani manawabu wake, walikuwa Masidi, watu wa asili ya Afrika, hasa Uhabeshi. Wapo waliofika Bara Hindi wakiwa watumwa, wapo waliokuja kama askari na mabaharia, wakapanda vyeo hadi wakashika dola, wakakaa nayo mpaka 1948 ilipoingizwa India. Shivaji, yule mfalme wa Wamaratha ambaye huku sanamu zake huzikosi, aliitaka ngome hii akashindwa. Mwanawe Sambhaji akaanza kumwaga mawe baharini ili askari wavuke kwa miguu, naye wapi! Ngomeni kwetu Mombasa, Wareno na Waarabu wamepokezana mpaka kuta zenyewe zimechoka; hii ya huku watu wanaapa haikutekwa hata mara moja.

"Babu yako ndiye aliyeijenga," mwongozaji akanitangazia mbele ya mashua nzima.

Nikamjibu kwa Kihindi changu cha sinema kwamba mimi ni mtu wa Mombasa, na babu yangu alikuwa fundi baiskeli.

"Mnaona?" akawageukia abiria. "Watu wa ukoo wa kifalme hawajisifu."

Lango la ngome limefichwa, hulioni mpaka umelikaribia. Gati la maana hatukulikuta. Wimbi lilipoinua mashua tuliruka, na Mungu ndiye mlinzi. Wenzangu walivutwa kwa mkono mmoja. Mimi nilipokewa na watu wawili, maana ndimi mwenye nyumba. Ukutani pale pamechongwa mnyama mfano wa simba aliyekamata ndovu sita kwa mpigo: mmoja mdomoni, mmoja mkiani, wanne makuchani. Abiria wakamtazama simba, wakanitazama mimi. Nikakunja uso kidogo, nisiwaangushe.

Ndani ni magofu hasa. Mizizi imepasua kuta, nyasi zimefika kiunoni, na kila penye chokaa iliyobaki pana jina la mtu na la mpenzi wake. Kuna mabirika mawili makubwa ya maji baridi, katikati ya bahari ya chumvi! Siku hizi yamevaa ukijani, lakini ndiyo yaliyowawezesha wenyewe kukaa ndani huku adui akikauka koo nje.

Kisha tukafika kwenye mizinga. Ule mkubwa unaitwa Kalal Bangdi, nao umelala juu ya ukuta ukiielekea bahari. Mwongozaji akaapa kwamba haupati joto hata jua liwe la utosi, na lilikuwa la utosi. Akaniomba niushike kwa niaba ya ukoo. Nikaweka kiganja. Bibi, machozi yalinilenga. Lakini watu walikuwa wamenyamaza wakisubiri, na watoto wametoa macho.

"Baridi," nikasema.

Wakapiga makofi, wallahi.

Kuanzia hapo ikawa picha tu. Mama mmoja akanipachika mjukuu wake mkononi bila kuuliza, mkono ule ule ulioungua. Mashua ya pili ikatia nanga, nikamsikia mwongozaji akiwaita abiria wake wapya: njooni, leo Sidi mwenyewe yupo! Ndipo nikamvuta kando nikamwambia kwamba kama ni biashara, basi na mwenye ngome apate fungu lake. Akalia umasikini, akataja watoto, akataja bei ya matanga. Tukamalizana kwa madafu mawili na nauli ya mashua ya kurudi, kwa sharti kwamba mzinga ataushika mwenyewe.

Wenu,
Nawabu